Walimu 22, Hisabati mwalimu mmoja: kisa cha shule yetu ya kata

Januari 2022 nilikabidhiwa utaaluma, yaani kusimamia masomo na ratiba, katika shule ya sekondari ya kata ninayofundisha, wilaya moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja. Kazi ya kwanza ya mtaaluma mwaka unapoanza ni ratiba. Nilitandaza karatasi mbili za manila kwenye meza ya ofisi ya walimu, nikachora mikondo 15 na vipindi 40 vya wiki, nikaanza kujaza majina. Kiswahili kikajaa, Historia ikajaa, Uraia, Jiografia na Kiingereza navyo havikunisumbua. Nilipofika Hisabati nikaweka kalamu ya wino chini, nikachukua penseli. Jina la kuandika lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeshaliandika mara kadhaa kwenye Fizikia.

Shule ilikuwa na wanafunzi 612 na walimu 22. Ukigawanya, kila mwalimu ana wanafunzi 28 hivi. Mtu akikutana na namba hiyo kwenye jedwali la wilaya hashtuki, ataona shule yenye nafuu kuliko nyingi, na ndivyo tulivyohesabiwa kwa miaka. Mkuu wetu wa shule alipoandika barua Februari ile kuomba walimu wa sayansi, jibu lilikuja na maneno machache: ikama yenu, yaani idadi ya walimu mlio nao, kwa jumla inaridhisha, subirini ajira mpya.

Nataka kueleza kwa urefu jinsi jumla ile ilivyotuficha, na nini kilitokea tulipoacha kuhesabu vichwa tukahesabu vipindi.

Kati ya walimu wale 22, wa sanaa na lugha walikuwa 17. Wa sayansi walikuwa watano: mmoja wa Hisabati na Fizikia, mmoja wa Fizikia na Kemia, watatu wa Kemia na Baiolojia. Hisabati tulikuwa tumeipa vipindi sita kwa wiki kila mkondo, kwa hiyo mikondo 15 ilidai vipindi 90. Fizikia na Kemia zilikuwa lazima kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha zilichaguliwa na wachache, kwa hiyo kila moja ilidai vipindi 35. Baiolojia, ambayo kila mwanafunzi aliibeba hadi mwisho, ilidai 45. Jumla vipindi 205 kwa walimu watano, yaani 41 kwa kila mmoja, wakati wiki nzima ya shule ina vipindi 40. Hata wangeingia darasani kengele ya kwanza hadi ya mwisho bila kupumua, wasingevimaliza. Upande wa pili, masomo ya sanaa na lugha yalidai vipindi 285 kwa walimu 17, wastani wa 17 kwa kila mmoja. Ofisi ile ile, chai ile ile ya saa nne, mmoja ana 17 na mwenzake angetakiwa awe na 41.

Na ndani ya hiyo 41 Hisabati ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu vipindi vyote 90 vilimwangukia mtu mmoja. Tulimtoa Fizikia, tukampa Kidato cha Tatu na cha Nne, mikondo sita, vipindi 36. Vipindi 54 vya Kidato cha Kwanza na cha Pili vikabaki vyeupe kwenye manila. Mwalimu huyu alikuwa akisahihisha daftari kila Ijumaa tangu aanze kazi. Mwaka ule aliniambia amepiga hesabu: wanafunzi wake wa vidato viwili ni 231, zoezi moja akilipa dakika mbili ni karibu saa nane, na wiki ina mazoezi matatu. Akaacha kusahihisha mwenyewe. Wanafunzi wakawa wanabadilishana daftari na kuwekeana vema, na vema nyingine zilikuwa za urafiki.

Hali hii haikuanza kwetu. Shule za kata zilichipuka kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004, zikasukumwa sana Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu. Majengo yalikwenda mbio na walimu wakafuata nyuma. Ndipo walipokuja vijana waliopewa mafunzo ya muda mfupi kabla ya kushika chaki, ambao mitaani waliitwa voda fasta, jina ambalo wengi wao halikuwafurahisha na hawakustahili, kwa sababu bila wao madarasa yale yangekuwa na madawati tu. Mtoto aliyemaliza shule isiyo na mwalimu wa Hisabati akaenda mchepuo wa sanaa, akasoma ualimu wa sanaa, akarudi kufundisha shule kama ile aliyotoka. Ndiyo maana wa sanaa ni wengi na wa sayansi hawatoshi. Serikali ilijaribu kukata mnyororo huo mwaka 2014 kwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016, baada ya mgomo wa wahadhiri, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakarudishwa nyumbani. Sehemu yao baadaye walipelekwa vyuo vya ualimu. Kila nikitazama ratiba nawakumbuka. Darasa kama lile ndilo lingetuwezesha kugeuza penseli kuwa wino.

Kwetu kilichokoleza ni mwaka wenyewe. Mwishoni mwa 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, na 12,000 kati ya hayo yalikuwa ya sekondari. Shule yetu ilipata matatu, mazuri, yenye vigae na madawati mapya. Kwa mara ya kwanza watoto wote waliofaulu walianza Kidato cha Kwanza pamoja Januari, bila kusubiri chaguo la pili. Nilifurahi kama mzazi yeyote. Kidato cha Kwanza kikawa na mikondo mitano, wanafunzi 218. Madarasa matatu yalikuja, walimu hawakuongezeka hata mmoja.

Hadi hapa nimezungumzia kufundisha. Shule ina kazi nyingine ambazo mwanafunzi anazihitaji kama anavyohitaji somo, na kwetu kazi hizo hazikuwa na mtu. Hatukuwa na karani, wala mhasibu, wala fundi sanifu wa maabara, wala matroni wa kuajiriwa. Zote zilibebwa na walimu, juu ya vipindi vyao. Mwalimu mmoja wa Kemia ndiye fundi sanifu wetu bila jina hilo. Usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne nilimkuta maabara saa tatu, tochi ya simu ameibana kati ya kidevu na kifua, anapima kemikali kwa mizani, huku mtoto wake wa miaka minne amelala juu ya kanga kwenye benchi la mbele. Asubuhi saa mbili alitakiwa awe amevaa, amesimama mlangoni, anaita namba za watahiniwa.

Lakini lililoniuma zaidi ni la ushauri nasaha. Miongozo inataka kila shule iwe na walimu wa malezi na nasaha. Kwetu alikuwepo, nitamwita Madam kama wanafunzi wanavyomwita. Alifundisha vipindi 20 vya Kiswahili, alikuwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Tatu, matroni wa hosteli ya wasichana 46 iliyojengwa na wazazi, na juu ya yote hayo mwalimu wa nasaha. Mkuu wa shule hupata posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi tangu elimu bila ada ianze 2016, na sioni kosa hapo, kwa kuwa mzigo wake naujua. Mwalimu wa nasaha hapati kitu, na wala hapunguziwi kipindi hata kimoja.

Ofisi ya walimu ni chumba kimoja, kwa hiyo nasaha ilifanyika kwenye benchi chini ya mwarobaini, katikati ya ofisi na vyoo. Shule nzima inapita hapo. Madam alipomwita binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliyeanza kusinzia darasani na kukwepa mchakamchaka, binti alisimama mbali akakataa kukaa. "Madam, nikikaa hapo watasema nina mimba." Madam akamwambia basi tuongee jioni hosteli. Jioni ile ilikuwa zamu yake ya kugawa unga, kesho yake kikao, keshokutwa mitihani ya majaribio. Binti huyo alikuwa wa kutwa. Baada ya wiki mbili aliacha kuja, na sisi tukagundua baada ya wiki nyingine tatu, kwa sababu daftari la mahudhurio lilikuwa mikononi mwa huyu huyu Madam, na alikuwa akilijaza Ijumaa kwa kukumbuka. Simlaumu. Nimeliangalia daftari lake la zamu za wiki zile, na sioni saa ambayo angeweza kuipata.

Tulichofanya mwaka ule kilikuwa cha kuziba viraka. Tuligundua mwalimu mmoja wa Jiografia alisoma mchepuo wa EGM Kidato cha Tano na cha Sita, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alikubali kuchukua Hisabati ya Kidato cha Kwanza kwa sharti kwamba mikondo mitano tuibane iwe makundi matatu. Vipindi 18, wanafunzi zaidi ya 70 kwa kundi, ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa maabara ya Fizikia na ambacho hakijawahi kuwekewa hata bomba. Kila wiki alikuwa akiketi na mwalimu wa Hisabati Jumatatu mchana wapitie mada pamoja. Nakiri nilikuwa na wasiwasi naye, na nilikosea.

Kidato cha Pili tukampa kijana wa kujitolea. Alikuwa na shahada ya ualimu wa Hisabati na Fizikia, akiendesha bodaboda pale senta huku akisubiri ajira. Kikao cha wazazi Aprili kilimkubali kwa kauli moja. Mzee mmoja alisimama na daftari la mjukuu wake, akalifungua katikati na kulizungusha kila mtu alione. "Walimu wangu, hili ni daftari la hesabu. Januari mpaka leo limeandikwa jina la mtoto tu." Wazazi wakakubaliana shilingi elfu moja kwa kaya kwa mwezi ili kijana apate 150,000, kibali kikaombwa wilayani kama utaratibu wa michango unavyotaka, na ikaelezwa wazi kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango huo. Mwezi wa kwanza zilipatikana 231,000. Mwezi wa tatu, 64,000. Ulikuwa msimu mbaya wa pamba na watu hawakuwa na fedha. Kijana alivumilia hadi Septemba akarudi kwenye pikipiki yake. Alikuja kuniaga akiwa ameshika rundo la daftari za Kidato cha Pili, zote amezisahihisha.

Kuanzia hapo mikondo minne ya Kidato cha Pili haikuwa na Hisabati hadi mwaka ukaisha.

Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022 yalipotoka, watahiniwa wetu 118 walikuwa na ufaulu wa Hisabati wa watu 9. Kitaifa somo hilo lilikuwa limekwama kwenye asilimia 20 hivi kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa hiyo hata tungekuwa wa kawaida tungepata watu zaidi ya 20. Mkuu wa shule aliniita, tukakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza barua yetu ya mwaka jana ilisema nini hasa. Tuliitoa kwenye faili. Ilisema: "Shule ina upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi." Sentensi hiyo hiyo ndiyo inayoandikwa na kila shule wilayani. Hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kuisoma mara mbili.

Mwanzoni mwa 2023 tukaandika upya, na safari hii hatukuandika barua. Tulichora karatasi moja. Kila mwalimu ana mstari wake: vipindi anavyofundisha, kisha kazi zake nyingine zote, na saa kwa wiki ambazo kila kazi inakula. Kuandaa maabara, saa 6. Hosteli, saa 14, kwa sababu matroni halali kama wengine. Kupokea na kuandika risiti, saa 5. Chini kabisa tukaweka mistari miwili yenye rangi nyekundu: vipindi vya Hisabati visivyo na mwalimu, na saa za nasaha zilizofanyika mwezi uliopita. Ya pili ilikuwa na sifuri.

Mratibu Elimu Kata alipoiona aliikalia saa nzima, akiuliza mstari kwa mstari. Akasema, "Mwalimu, hii naipeleka mwenyewe." Wilayani Afisa Elimu hakuwa na mwalimu wa Hisabati wa kutupa, lakini karatasi ile ilimpa swali ambalo hakuwahi kuziuliza shule nyingine za tarafa yetu. Ikaonekana shule iliyo kilomita 11 kutoka kwetu ina walimu wawili wa Hisabati kwa mikondo minane, vipindi 48, lakini haina mwalimu wa kutosha wa Kiingereza. Mwalimu wetu mmoja wa Kiingereza akahamia kule. Wa Hisabati wa kule akawa anakuja kwetu Jumanne na Alhamisi, nauli ya bodaboda juu ya shule zote mbili. Siku mbili, vipindi 14. Si nyingi, lakini watoto wale hawakuwa na kitu.

Sehemu ya pili ya karatasi ndiyo iliyonifundisha zaidi, nayo haikuhitaji kibali cha mtu. Tuliona wazi kwamba ndani ya zile saa za walimu wa sanaa kulikuwa na nafasi. Hapo nyuma, kuanzia 2017 hivi, walimu wa sanaa walioonekana wa ziada katika sekondari walihamishiwa shule za msingi. Naelewa msingi nako kuna uhaba mkali. Lakini sikubaliani na neno ziada. Shule haiwezi kuwa na mwalimu wa ziada wakati haina mtu wa nasaha, haina mtu wa kufuatilia watoro, haina mtu wa hosteli. Tulikuwa na watu ambao hawajapangiwa kazi zilizokuwepo.

Kwa hiyo Madam akapunguziwa vipindi 8, wenzake wawili wa Kiswahili wakavichukua. Ualimu wa darasa akauacha. Mwalimu wa Uraia mwenye vipindi 12 akapewa mahudhurio ya shule nzima: kila siku saa tatu asubuhi anapita mikondo yote, na mtoto asiyeonekana siku tatu anapigiwa mzazi wake simu. Stoo ya michezo, iliyojaa majembe na nyavu zilizooza, ikasafishwa. Wanafunzi wa useremala pale kijijini wakatutengenezea mlango. Ndani kuna meza, viti viwili, pazia, na mlango wa pili unaotokea maktaba, kwa hiyo anayeingia anaonekana anakwenda kusoma. Wazo la mlango wa pili lilikuwa la Madam. Alilitoa bila kufikiri sana, kama mtu aliyekuwa amelibeba muda mrefu.

Muhula wa kwanza alizungumza na wanafunzi 38. Yaliyosemwa mle sikuuliza wala siulizi. Ninachojua kutokana na mahudhurio ni kwamba watoto 11 waliokuwa wamekaa nje zaidi ya wiki mbili walirudi. Mmoja wao ni yule binti wa mwarobaini. Alikuwa amejifungua. Waraka wa Elimu namba 2 wa 2021 unamruhusu aliyekatishwa na ujauzito arudi shuleni, lakini yeye na mama yake walidhani ni habari ya redio tu, mpaka Madam na mwalimu wa Uraia walipokwenda nyumbani kwao na nakala mkononi. Alianza tena Kidato cha Tatu, mtoto akabaki kwa bibi.

Ajira za 2023 zilituletea mwalimu mmoja wa Hisabati, binti kutoka mkoa wa mbali. Katika orodha hiyo hiyo nililiona jina la kijana wetu wa bodaboda. Alipangiwa mkoa mwingine kabisa, na ninamtakia heri huko aliko, ingawa nilitamani angebaki.

Kidato cha Nne cha 2024 ndio wale wa Kidato cha Pili walioachwa Septemba 2022. Walikuwa 163 wakati ule. Waliokaa kwenye chumba cha mtihani walikuwa 127. Baadhi ya waliopungua walihama, baadhi walikariri, na wengine tuliwapoteza kabla ya kuwa na mtu wa kupiga simu. Hisabati walifaulu 21, asilimia 16 na kidogo, wakati kitaifa ilikuwa robo ya watahiniwa. Nimeona watu wakitupongeza kwa kutoka 9 hadi 21. Mimi naangalia zaidi alama za wale walioshindwa: kwenye karatasi za majaribio, maswali ya mada za Kidato cha Pili yameachwa tupu hata na watoto wanaojibu vizuri mada za Kidato cha Nne. Ile miezi ya 2022 isiyo na mwalimu wa Hisabati bado inaonekana kwenye karatasi zao.

Ratiba ya mwaka huu nimeiandika kwa wino karibu yote. Hisabati ina walimu wake wawili, pamoja na mwenzetu wa EGM na yule wa Jumanne na Alhamisi. Maabara bado haina fundi sanifu. Mwalimu wa Kemia aliniomba daftari la kaunta Februari, na tangu hapo kila anapoingia kuandaa vitendo anaandika tarehe, saa aliyoingia na saa aliyotoka. Jana nilijumlisha: saa 61. Mkuu wa shule anataka zifike mwisho wa muhula ndipo ampelekee Mratibu.